Madaftari ya Sajini: Barua ya Wazi kutoka Mikindani

Mikindani, Mtwara
Novemba

Kwa wakubwa mnaohusika na ulinzi, na kumbukumbu za taifa, na uongozi wa mikoa ya Mtwara na Lindi,

Waheshimiwa, shikamooni mlionizidi umri. Wadogo zangu, hamjambo.

Naandika kuhusu kumbukumbu za sisi wastaafu tuliolinda amani nje ya nchi, na naandika hadharani kwa kuwa faraghani nimeshaandika. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili niliipeleka kwa mkono wangu mwenyewe, nimevaa suruali ya kunyooshwa na viatu vimepakwa rangi. Kijana wa mapokezi akaisoma yote, jambo ambalo namshukuru, kisha akaniuliza, "Mzee, hili ni suala la pensheni?" Nikamwambia pensheni yangu naipata. "Ni la matibabu?" Si la matibabu. Akaigeuza karatasi nyuma na mbele, akasema basi hajui aipeleke meza gani. Wala simlaumu. Meza hiyo haipo, na kutokuwapo kwake ndiko kulikonifanya nishike kalamu kwa mara ya tatu.

Mwaka jana tulimzika sajini wangu, kijijini kwao Newala. Nilifanya naye kazi Darfur, nchini Sudan, nikafanya naye kazi Kongo. Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha askari: kila usiku, kabla ya kulala, aliandika. Tochi mdomoni, daftari la shule gotini, lile la jedwali la kuzidisha nyuma. Hakuandika siri za jeshi. Aliandika siku ilivyokwenda. Nilikuwa najua madaftari yamefika saba, maana alipenda kunitania kwamba ukoo mzima wa maafisa hauwezi kuandika ripoti ndefu kama zake.

Baada ya arobaini nikarudi Newala kumwomba mjane anionyeshe. Mama wa watu akaingia ndani, akatoka na matatu. Mengine, akasema, wajukuu walichorea, na yaliyobaki alimpa jirani anayeuza karanga pale stendi, maana karatasi zake ni ngumu na hazipitishi mafuta haraka. Alinieleza bila kuficha kitu, kwa sauti ya mtu aliyefanya jambo la busara. Na kwake lilikuwa la busara. Nani alimwambia kwamba yale ni mali?

Nikafungua moja palepale kibarazani. Ukurasa wa kwanza: "Kuni. Wameondoka 61, wamerudi 61. Punda mmoja hajaonekana."

Naomba nieleze maana ya mstari huo, kwa sababu naamini wengi wenu hamuijui, na nyinyi ndio wakubwa.

Darfur kulikuwa na misheni ya pamoja ya Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika, UNAMID, iliyoundwa kwa azimio la Julai 2007 na kufungwa mwisho wa mwaka 2020. Batalioni yetu ilikuwa Darfur Kusini. Kule watu waliokimbia vita waliishi kwenye makambi, na kambini hakuna mti. Kuni zinafuatwa mbali, na wanaozifuata ni wanawake, kwa sababu mwanaume akitoka anauawa. Mwanamke akitoka naye alikuwa anafanyiwa mambo ambayo sitayaandika hapa, wajukuu zangu wanasoma simu yangu. Kwa hiyo ikawepo doria ya kuni. Askari wa kofia ya bluu anatangulia, wanawake na punda wanafuata, anasimama juani saa nne au tano wakikata, kisha anarudi nao.

Mwanzoni tuliifanya vibaya. Tulipanga muda wa kuondoka kwa saa yetu, baada ya chai, magari yakiwa yamekaguliwa. Tukashangaa wanawake wanakuja wachache, na wengine tunawakuta wameshatangulia porini peke yao. Sajini ndiye aliyekwenda kukaa na bibi mmoja wa kambini, pamoja na mkalimani, akanywa chai yenye sukari hadi kijiko kinasimama, akauliza. Bibi akamwambia: mnatuchelewesha hadi jua linachoma, tukirudi watoto hawajala na foleni ya maji imetupita. Tukasogeza muda, tukatoka alfajiri, kabla ya chai. Wiki ile idadi ikapanda. Hayo yamo kwenye daftari. Kwenye ripoti yangu mimi, afisa mzima niliyepita chuo cha maafisa cha Monduli, niliandika "ratiba ya doria imeboreshwa".

Ndiyo tofauti ya kumbukumbu na makaratasi, waheshimiwa. Ofisini mnayo ripoti yangu. Bibi na chai yake angekwenda na karanga.

Sasa nijieleze kidogo, msije mkadhani nimeota haya usingizini. Nilipita JKT Nachingwea, nikaingia jeshini miaka ya 80. Nachingwea penyewe ni darasa. Waingereza walikuja pale mwaka 1947 na mradi wao wa karanga, wakajenga reli na bandari ya Mtwara kwa ajili ya karanga ambazo hazikutoka, mwaka 1951 wakauacha, na reli yenyewe ikaja kung'olewa. (Nikikumbuka madaftari yaliyofungia karanga pale stendi, huwa nasema karanga zina kisasi na sisi watu wa kusini.) Baadaye hapohapo wapiganaji wa FRELIMO wakafunzwa vita ya kuikomboa Msumbiji. Na ukitoka Mtwara mjini kwenda Naliendele utakuta makaburi ya mashujaa wetu waliokwenda kuisaidia Msumbiji tena mwishoni mwa miaka ya 80, ilipokuwa imeshajitawala na vita vya ndani vinaitafuna. Tarehe 25 Julai mashada huwekwa. Mimi huenda na siku nyingine, siku isiyo na gwaride, nikafagia majani.

Mwaka 1994 nilikuwa luteni, tukapelekwa Liberia, sisi na Waganda, kuongeza nguvu kwenye jeshi la nchi za Afrika Magharibi lililokuwa kule. Tulirudi 1995. Sina mengi ya kusema kuhusu Liberia zaidi ya mvua, ambayo hata sisi wa pwani hatukuijua mvua ya aina ile, na watoto. Mtoto wa miaka kumi na mbili amevaa wigi la kike, bunduki imemzidi urefu, anakusimamisha kwenye kizuizi cha kamba ya katani. Hakuna kitabu kilichonifundisha namna ya kuongea naye. Nilijifunza kwamba usimtazame machoni na usimtazame bunduki. Tazama mikono, ongea polepole, muulize amekula nini. Hilo nimelifundisha askari wangu miaka ishirini. Aliyelifundisha baada ya mimi kustaafu simjui.

Kongo ndiko nilikokaa na uzito mkubwa zaidi moyoni. Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, Machi 2013, liliunda kikosi kisichokuwa na mfano: walinda amani wenye ruhusa ya kuyafuata makundi ya waasi na kuyavunja nguvu. Afrika Kusini, Malawi, na sisi. Kamanda wa kwanza wa brigedi alikuwa wa kwetu, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Tuliingia Goma mwezi Mei.

Watu wa Goma walitupokea kwa Kiswahili, na hilo ni jambo ambalo majeshi mengine yalituonea wivu. Si Kiswahili cha Mtwara. Wao watu ni "batu", au ni "ao", pesa ni "makuta". Lakini mama muuza ndizi anaweza kukugombeza bila mkalimani, na akikugombeza ujue amekuamini. Mmoja alinishika mkono wa gwanda sokoni akaniuliza, "Mumekuya kutulinda ao kutuangalia?" Maana waliokuwapo kabla yetu aliwaona wamekaa na darubini juu ya gari jeupe, wanaangalia. Nilimjibu tumekuja kulinda. Novemba mwaka ule waasi wa M23 walishindwa, na kwa muda lile jibu likawa kweli. Mnajua kilichofuata. Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23 haohao, na Machi SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikaamua kuondoa kikosi chake kilichokwenda kule Desemba 2023. Yule mama sijui yuko wapi.

Nirudi Mei 2013, kwa sababu kuna siku moja ambayo siwezi kuiruka. Tarehe 22 usiku nilipata mtandao, nikampigia mke wangu. Nilitaka kumwambia nimefika salama. Badala yake nikasikia watoto wanakohoa. Ilikuwa siku ya vurugu za gesi hapa Mtwara, watu walipopinga bomba la kupeleka gesi asilia Dar es Salaam. Barabara zimefungwa kwa mawe, nyumba zinachomwa, mabomu ya machozi yanapigwa mtaani, wanajeshi wanaingia mjini. Mke wangu alikuwa ameloweka kanga kwenye ndoo, anawafunika watoto pua. Hakulia. Aliniuliza tu: "Baba watoto, huko uliko unalinda amani ya nani?" Salio likakatika kabla sijajibu.

Sikuyaleta haya ili kufufua ya gesi. Waliokufa wana ndugu zao na wanajua wanachokidai. Nimeyaleta kwa sababu lile swali nimelibeba hadi leo. Jibu langu, baada ya miaka yote, ni kwamba kazi niliyoifanya kwa bibi wa Darfur na mama wa Goma ndiyo kazi inayohitajika hapa Mtwara, na hapa nimekaa kibarazani nacheza bao.

Tazameni ramani. Oktoba 2017 vita vya waasi vilianzia Mocímboa da Praia, jimbo la Cabo Delgado kule Msumbiji, mwendo wa siku moja kutoka kwetu. Oktoba 2020 vikavuka mto Ruvuma kuja kwetu, kijiji cha Kitaya kikashambuliwa. Machi 2021 mji wa Palma, ng'ambo hiyohiyo, ukachomwa, na kutoka Palma hadi mpakani ni karibu mno. Askari wetu walikwenda Cabo Delgado na misheni ya SADC kuanzia 2021 hadi ilipofungwa 2024. Wale wa ng'ambo wanaongea Kimakonde kama sisi, wametuoa na tumewaoa, mtu akifiwa Palma tanga linakaliwa huku kwetu Msimbati. Kijana anayeshawishiwa kuvuka mto kwenda kushika silaha hashawishiwi kwa Kiarabu wala Kiingereza. Anashawishiwa kwa lugha ya mama yake, na mtu aliyemzoea, kwa ahadi ya mtaji wa bodaboda.

Sasa katika mikoa hii miwili wamo wastaafu, maafisa kwa askari, waliowahi kuketi na vijana wa namna hiyo nchi nne, tano. Wanajua kijana anaanzaje kupotea: anaacha kwanza kucheza mpira, halafu anaacha kula na wenzake. Kiongozi gani wa kata aliwahi kuwaita? Vyombo vya usalama vinafanya kazi yake na siingilii. Nasema tu kwamba mzee wa kijiji hamwambii ofisa mgeni anayekuja na gari kile atakachoniambia mimi tukiwa tunabangua korosho.

Na kuna jambo la aibu, nalo nitalisema maana tukilinyamazia barua hii itakuwa ya kujisifu. Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba kikosi chetu cha askari 60 kinarudishwa kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati, baada ya tuhuma za unyonyaji wa kingono dhidi ya baadhi yao. Siku ile sikutoka nje. Nilimpigia sajini, akaniambia, "Afande, hawa walisomewa kanuni. Hakuna aliyewasimulia." Kanuni zinasomwa kabla ya safari, najua, nimezisoma mwenyewe kwa vikosi. Askari wa miaka 24 anasikiliza nusu. Lakini mkalishe mbele ya sajini mwenye mvi amweleze habari ya msichana mmoja wa kambini aliyeogopa magwanda ya rangi zote, pamoja na ya bluu, na kwa nini aliogopa. Atasikiliza yote.

Upande wa pili kuna hili. Desemba 2017, Semuliki, wilaya ya Beni kule Kongo, askari wetu 14 waliuawa usiku mmoja. Miaka minne nyuma, Julai 2013, saba walikuwa wameuawa Darfur, karibu na Manawashi. Majina haya ya mahali, Semuliki na Manawashi, nimeuliza vijana wa sekondari hapa Mikindani. Mmoja alidhani Semuliki ni mbuga ya wanyama. (Hakukosea sana, mto huo unapita kwenye hifadhi, lakini sicho nilichouliza.) Wamalawi je? Novemba 2018 askari wao Chancy Chitete aliuawa huko Beni akiwa anamhudumia koplo wa Kitanzania aliyejeruhiwa, na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukampa nishani ya Mbaye Diagne, inayotolewa kwa ushujaa wa pekee. Mmalawi amekufa akimwokoa Mtanzania. Mtoto gani wa Mtwara anajua hilo?

Watu hudhani tulirudi na magunia ya dola, ndiyo maana wengine wakituona tunalalamika wanacheka. Umoja wa Mataifa huilipa serikali kiasi maalumu kwa kila askari kwa mwezi, kilichokuwa dola 1,428 Julai 2018, kisha kila nchi hulipa askari wake kwa utaratibu wake. Yangu ilijenga vyumba vitatu na kununua ekari nne za mikorosho. Mwaka ule wa Operesheni Korosho, 2018, jeshi lilipokuja kusomba korosho za wakulima kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, aliyenipimia alikuwa koplo niliyemfundisha kwata. Hakunipendelea hata gramu. Nilifurahi kuliko malipo yenyewe.

Kwa hiyo siombi fedha. Naomba ile meza.

Meza moja, Mtwara au Lindi, kwenye maktaba ya mkoa au popote penye paa. Mtu mmoja mwenye kinasa sauti na subira, anayezunguka Newala, Masasi, Nachingwea, Kilwa, anakaa na wastaafu wa ulinzi wa amani, anaandika. Harakati za ukombozi wa Afrika zina programu yake ya urithi, na ni jambo jema. Sisi wa kofia ya bluu tumekuja baada ya mashujaa wale, sidai kulingana nao, lakini na sisi tunakufa. Ya silaha na mikao ya vikosi yabaki siri, kiapo changu bado ninacho. Punda aliyepotea si siri ya taifa.

Kisha wenye uwezo wa kusimulia wapelekwe kwenye vikosi vinavyojiandaa kusafiri. Nauli ya basi na chakula cha mchana vinatosha. Na wale wachache ambao vijiji vinawasikiliza, wakae na wenyeviti wa vijiji vya mpakani, waulizwe wanachokiona.

Mjane wa sajini aliniambia jambo jingine wakati naondoka. Miaka yote tangu astaafu, umeme ukikatika usiku mumewe aliamka, akakaa mlangoni hadi unarudi. Jenereta ikizima kambini maana yake ni moja tu. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini haendi kulala. Yeye mke alidhani anaogopa wezi. Kwenye ile meza, mwandishi awe mtu wa kuuliza na hayo.

Madaftari matatu mjane amenikabidhi, kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Nimeyasoma mara mbili. Kurasa mbili baada ya ile ya kwanza pameandikwa: "Punda kaonekana. Kazaa." Nimeyatia kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko, pamoja na nishani zangu, maana mvua za Desemba ziko njiani na mchwa wa huku hawachagui. Ndoo iko chini ya kitanda. Mke wangu anajua, na wajukuu nimewaambia atakayeichukua kuchotea maji tutaonana.

Wenu mtiifu,
Meja mstaafu, Mikindani